Modemu ya Bwana Mwidani

Kompyuta zilikuwa pale pale mezani. Kilichotoweka ni modemu, kijisanduku kinachoziunganisha na waya wa simu, na bila hicho barua pepe haiendi wala haiji.

Hiyo ilikuwa 1998, katika kampuni moja ya kufungasha chai huko Changamwe. Mlinzi Mutua alikuwa kakalishwa sakafuni, kafungwa pingu, machozi yanamlengalenga.

"Mfungueni kwanza," Inspekta Mwanarehema aliwaambia askari wake. "Mlango haukuvunjwa. Funguo anazo nani?"

"Mimi na Mutua tu," alijibu meneja, Bwana Mwidani, kikapu cha chakula mapajani. "Nami si mwizi, wallahi."

Mzee huyu alikuwa mchangamfu mno kwa mtu aliyeibiwa. Jambo hilo halikumpendeza Inspekta. Akamgeukia karani.

"Agneta, nani aligundua wizi?"

"Mimi, afande. Tulipotoka mkutanoni, nikitaka kutuma barua Nairobi."

"Mkutano aliuita nani?"

"Meneja. Alipita chumba kwa chumba, anatusalimu, anauliza habari za watoto. Jamani, nilifurahi!"

"Ajabu iko wapi?"

"Si alipiga marufuku kuendeana! Mwezi mzima, hata ukitaka stepla chumba cha pili, uandike barua pepe. Mikutano ndiyo kabisa."

Inspekta akatabasamu.

"Bwana Mwidani, wizi ulikuwa haujagunduliwa. Ulijuaje kwamba leo kompyuta haitafaa?"

"Aa... nilikuwa nanyoosha miguu."

"Hebu nifungulie hicho kikapu."

Chini ya mahamri, modemu ilikuwa imeviringishwa kitambaa.

"Ni mimi," mzee alisema. "Amri niliitoa mwenyewe, nikidhani ndiyo maendeleo. Afande, mwezi mzima sijaamkiwa! Watu wanapita dirishani kwangu, wanakwenda kuniandikia. Nami nabonyeza kwa kidole kimoja, barua moja hadi adhuhuri. Nilikuwa mpweke, wallahi."

"Mbona hukuifuta amri?"

"Niliona haya."

"Na Mutua ungemwacha aozee korokoroni?"

Bwana Mwidani akaweka kikapu chini. Kisha akamwendea mlinzi. "Nisamehe, mwanangu. Kuanzia leo barua pepe ni ya Nairobi. Humu ndani, tuendeane."

"Hilo ni lenu," Inspekta alisema. "Kumsingizia mtu ni langu. Utakuja kituoni kuandikisha taarifa."

"Kwa barua pepe?" Agneta alidakia.

"Kwa miguu!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko, isipokuwa Mutua. Alisimama akisugua vifundo vya mikono, akamgeukia mzee.

"Shikamoo, Bwana Mwidani."

Mzee akafungua kinywa, machozi yakatangulia.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, baba."