Siti ya Léonie

Jioni ile Bagalwa alitoka mtaa wa Majengo, mjini Goma, na kitambaa cha kufutia vioo mfukoni, akaenda kuuza gari la marehemu mke wake.

Hakuwa anakwenda mbali. Mteja alikuwa mama mmoja wa Butembo, mfanyabiashara wa vitenge aitwaye Kahindo, na alikuwa amemwambia kwa simu wakutane mtaa wa Himbi akishafunga duka. Jua lilikuwa linashuka upande wa Sake na vumbi jeusi la volkano lilikuwa limetanda barabarani. Bagalwa aliendesha polepole, vioo vyote vinne vikiwa wazi. Tangu Léonie afe, hakuweza kukaa ndani ya gari lile vioo vikiwa vimefungwa.

Lilikuwa gari dogo la Ulaya, jekundu kama divai, la milango mitano, nyuma limekatwa wima kama mkate uliotiwa kisu. Alikuwa amelinunua kwa sababu moja tu. Polio ilimshika Léonie akiwa mtoto, ikamwachia mguu wa kushoto mkavu kama kijiti. Mguu ule usingeweza kukanyaga klachi hata siku moja. Bagalwa, karani wa kampuni ya kupitisha mizigo mpakani, aliposikia kwamba kuna magari yenye pedali mbili tu, yanayojibadilishia gia yenyewe, alirudi nyumbani akamwambia mke wake kwamba ataendesha. Léonie alicheka. Kisha alijifunika uso kwa kitenge, akalia.

Basi aliendesha. Alipita Majengo mikono yote miwili kwenye usukani, magongo yake yamelala siti ya nyuma. Maisha yake yote watu walikuwa wamembeba mgongoni, kwenye baiskeli, kwenye pikipiki. Sasa yeye ndiye aliyewabeba majirani kwenda misa.

Furaha ile haikutimiza hata mwaka. Jioni moja alikwenda kumtembelea rafiki yake upande wa Bulengo, karibu na ziwa, na hakurudi. Asubuhi walimkuta ndani ya gari, chini kwenye kibonde, mikono imetulia mapajani kama mtu anayemsubiri mwenzake atoke dukani. Nyumba ya rafiki yake haikuwa upande ule. Hakuna aliyejua alikwenda kutafuta nini huko.

Mazuku, walisema wazee. Kila mtu wa Goma anayajua mazuku: hewa mbaya inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, ikipoa jioni hulala mabondeni kama maji yasiyoonekana. Mbuzi akishuka humo, hulala asiamke.

Lakini mitaani Majengo walisema mengine. Walisema karani hanunui gari kama lile kwa mshahara. Walisema Bagalwa amemla bibi yake, yaani amemtoa mkewe kafara ili apate mali. Mtu mmoja tu hakulisema neno hilo wala hakukubali lisemwe mbele yake: Mama Marcelline, mama mkwe wake, aliyehamia kwake ili amlee Christa, binti mdogo aliyeachwa na Léonie.

Kahindo alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, asiyenunua kitu bila kukigeuza mara nyingi. Bagalwa alimwonyesha kila kitu kwa sauti ya mtu anayesoma maombi asiyoyaamini. Alimwonyesha viti vya ngozi, na kamera inayomulika nyuma ukirudi kinyumenyume. Alilaza siti za nyuma ili mama aone mizigo ya vitenge itakaa wapi. Alimfafanulia herufi zilizo kando ya mkono wa gia: P gari limelala, R linarudi, N liko huru, D linakwenda mbele.

"Hakuna ambreyaji?" Kahindo aliuliza, akitafuta pedali ya tatu.

"Hakuna, mama. Muguu wa kushoto unapumuzika."

Akaharakisha kumwonyesha vitufe vya siti. Siti ya dereva ilikuwa na kumbukumbu: ukibonyeza namba, inakwenda yenyewe mahali pa mwenye namba hiyo. Namba mbili ilikuwa yake. Namba moja ilikuwa ya Léonie, karibu sana na usukani, imeinuliwa juu kidogo. Hakuwahi kuifuta. Alibonyeza mbili, Kahindo akakaa, naye akaingia upande wa abiria.

Waliondoka kuelekea magharibi. Mara ya kwanza mguu wa kushoto wa Kahindo ulitafuta klachi, ukakanyaga breki, wote wakarushwa mbele. Kahindo alicheka, akaomba msamaha, akaendelea. Gari lilipanda bila kelele na kubadilisha gia bila mtikisiko. Alilisifu. Kisha alivuta pumzi puani.

"Papa... kuna mutu anaumwa muguu humu ndani?"

Bagalwa aligeuka.

"Nasikia dawa ya kukanda. Ile ya mikaratusi."

Kila jioni, miaka yote ya ndoa yao, alikuwa akiukanda mguu wa Léonie kwa dawa ile mpaka apate usingizi. Lakini gari lilikuwa limeoshwa mara nyingi, na chupa ya dawa ilizikwa pamoja naye.

Sasa hata yeye aliisikia.

Walikuwa wamefika mahali njia ya udongo inapoiacha barabara kubwa na kushuka ziwani. Taa za nyumba zilikuwa chache. Hapo ndipo ilipoanza.

Zzzzzz...

Siti ya dereva ilikuwa inasogea mbele. Polepole... polepole... Magoti ya Kahindo yaligusa dashibodi, kifua chake kikabanwa na usukani.

"Umeguza nini, papa?"

"Sijaguza kitu."

Siti ilisimama. Kisha ikainuka juu kidogo.

Kahindo alisimamisha gari. Alitazama kioo cha kati, cha kuonea nyuma, akakaa akikitazama muda mrefu, na uso wake ukaishiwa rangi. Hakupiga kelele. Alijichomoa kwenye usukani kwa shida, akatoka akiuacha mlango wazi, akarudi nyuma hatua kadhaa. Alinong'ona kama mtu aliye kanisani.

"Mwenye motokari hii hajashuka, papa."

Pikipiki ilikuwa inapita. Aliisimamisha, akaondoka nayo bila kuaga.

Bagalwa alibaki ameketi. Injini ilikuwa bado inanguruma kwa sauti ya chini. Alijiambia ashuke, azunguke, ashike usukani, arudi nyumbani. Mwili haukusogea.

Mlango wa dereva ulijifunga.

Upepo, labda.

Kisha vioo vikaanza kupanda. Cha nyuma kushoto. Cha nyuma kulia. Cha mbele. Na cha kwake.

Gari lilianza kutembea. Lilikata kona, likaingia njia ya udongo, likashuka kuelekea kibonde ambacho Bagalwa alikuwa ameapa kutokiona tena. Angeweza kuvuta breki ya mkono. Ilikuwa pale, karibu na goti lake. Hakuivuta.

"Léonie?"

Ngozi ya siti tupu ililia kidogo, kama inavyolia mtu anapojiweka sawa.

Basi Bagalwa aliufungua mkono wake na kuuweka katikati ya siti mbili, kiganja juu, kama alivyokuwa akifanya zamani. Kitu cha uvuguvugu kikatulia juu yake. Akaanza kulia. Alimsimulia kwamba Christa amejifunza kujisuka nywele mwenyewe, anajisuka vibaya, na hakubali mtu amfumue. Alimwambia kwamba bado hulala upande wake uleule wa kitanda. Alimwambia watu wanasema amemla, na kwamba kuna usiku ambapo hata yeye huona ni kweli, maana kama si gari hili, mke wake angekuwa nyumbani. Gari lilikuwa limesimama. Injini ilikohoa, ikazima. Taa zilififia mbele ya majani marefu yasiyotikisika.

Kichwa kilikuwa kizito. Kifua nacho kilikuwa kizito. Usingizi mtamu ulikuwa unapanda kutoka miguuni, na hakutaka kuupinga. Hatimaye angepumzika.

Sauti ikaja karibu kabisa na sikio lake.

"Bagalwa... funga macho."

Ilikuwa sauti ya Léonie. Kope zake zilikuwa zimeshaanza kushuka.

Bagalwa?

Tangu Christa azaliwe, Léonie hakuwahi kumwita mume wake kwa jina. Alimwita Papa Christa. Hata akiwa na hasira. Hata homa ilipompanda akawa anaweweseka, alimwita Papa Christa.

Alifungua macho.

"Wewe ni nani?"

Kile kilichokuwa juu ya kiganja chake kikaanza kubana.

Aliurusha mwili wake wote mlangoni, akauvuta mkono, akaanguka nje kwenye mawe ya lava. Hewa haikuwapo. Alipanda mlima kwa magoti na viwiko, kifua kinawaka, mpaka akaona taa za barabara na mapafu yake yakafunguka. Nyuma yake, chini gizani, alisikia mlango wa gari ukifungwa taratibu, kama unavyofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Siku ya pili mchana, upepo ulipokuwa mkali, vijana wa Bulengo walilivuta gari kwa kamba. Siti ya dereva ilikuwa imesogea mbele kabisa. Fundi Julien wa Ndosho alisema maji yameingia kwenye nyaya za siti na vioo. Alisema pia kwamba mkono wa gia ulikutwa kwenye N, maana yake yule mama mteja aliuacha hivyo kwa woga na gari likateremka lenyewe. Muuguzi aliyekisafisha kiganja cha Bagalwa, kilichovimba na kuwa chekundu, alimwambia kwamba mazuku humfanya mtu asikie visivyokuwapo. Bagalwa aliitikia kwa kichwa. Yote yaliwezekana. Lakini hakujua ni hewa gani inayoweza kumwita mtu kwa jina lake.

Gari halikuuzwa zima. Julien alilifungua, akauza kipande kimoja kimoja. Siti ya dereva ilichukuliwa na mtu wa mji wa Kiwanja ambaye hawakumfahamu.

Ndipo Bagalwa alipomweleza Mama Marcelline. Alimkuta anachagua maharage uani, akamsimulia tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na sababu iliyomfanya akimbie. Mama mkwe alitoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa.

"Kwako aliona haya kukutaja jina," alisema. "Kwangu mimi mama yake, siku zote alikuita Bagalwa. Bagalwa alisema hivi. Bagalwa ananipenda."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Mama Marcelline hakuvua kitenge chake cha kanisani. Aliomba apelekwe. Bagalwa alimkatalia, kisha akashindwa.

Walifika jua likiwa utosini, saa ambayo hata watoto hupita pale bila hofu. Mama Marcelline alisimama ukingoni, juu kabisa, akamwita binti yake kwa Kishi, lugha aliyomlelea. Aliita kwa upole, kama anayemwita mtu aje ale. Bagalwa alisikiliza. Hakusikia kitu. Hata mdudu hakulia. Chini, majani yalisimama wima bila kutikisika, ingawa juu upepo ulikuwa unapeperusha vitenge.

Yule mama aliinamisha kichwa, akakaa hivyo kwa muda, kama mtu anayesikiliza. Alitikisa kichwa taratibu. Akaitikia neno moja kwa Kishi. Alipogeuka, machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

"Amesema nini, mama?"

Alijifuta uso kwa kitenge. Bagalwa alimuuliza tena.

"Anauliza kwa nini ulikimbia."

Bagalwa alipiga hatua moja kuelekea chini. Mama Marcelline alimshika mkono wa shati kwa vidole vyote, akamvuta nyuma. Hakuuachia njia nzima, mpaka walipofika kwenye lami, na hata hapo alichelewa kuuachia.