Mpaka Povu Likate

Injini ilikuwa imezimwa, lakini tangi la dizeli lilikuwa linapumua.

Sikio alilisikia akacheka. Fundi mzima aogope tangi? Watu walimwita Sikio kwa kuwa alijitapa anaweza kusikiliza injini kwa simu akakutajia nati iliyolegea. Na leo mgonjwa wake alikuwa kijiko, mashine ya kuchimbia mitaro, na dereva wake ni kaka yake wa tumbo moja, aliyemlea tangu wazazi walipofariki.

"Kaka, umelilisha nini hili?"

"Acha utani, mdogo wangu. Linawaka, linakohoa, linazima. Kama limekabwa koo."

"Njaa ya mafuta hiyo. Sasa hivi litaimba. Ulimiminia nini?"

Kaka akaonyesha chupa ya shaba, shingo ndefu, aliyoifukua mtaroni. Ilikuwa imezibwa kwa madini ya risasi, akayabandua kwa bisibisi pale pale mdomoni mwa tangi, aitumie kumiminia dizeli.

"Ilikuwa tupu. Ilitoa upepo kidogo tu, basi."

Sikio akabadilisha filta, akamwaga maji yaliyotuama chini ya tangi, akapuliza mpira wa mafuta. Vyote safi. Kumbe ni hewa imeingia kwenye mpira. Akalegeza skrubu ya juu ya filta, akaanza kubonyeza pampu ya mkono. Likatoka povu jeupe, linanuka nywele zilizoungua.

"Kaa kitini, kaka. Povu likikata, nitakwambia washa."

Akabonyeza. Kule juu kaka akakohoa.

"Mdogo wangu... kifua."

"Uzee huo, mzee! Punguza sigara."

"Subiri," kaka akanong'ona. "Linanivuta."

"Bado kidogo tu, usiniharibie sifa."

Akabonyeza, na kila povu lilipopasuka lilitoa kimlio alichokijua tangu utotoni, kile kimlio cha kaka akikoroma upande wa pili wa kitanda chao kimoja, na yeye mwenye sikio la kusikia nati kwenye simu akajiambia ni hewa tu, hewa haina mwenyewe, akabonyeza na kubonyeza huku kule juu kikohozi kikipungua, kikawa kwikwi, kikawa kimya, mpaka povu likakata, dizeli ikatoka safi kama machozi, na kabla hajatamka neno, injini ikawaka yenyewe.

Sikio akainua macho. Kaka alikuwa ameegemea kiti, macho wazi, ufunguo bado mkononi. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa mwendo wa injini.

Akavuta waya wa kuzimia mashine. Injini ikalegea, kifua kikalegea, midomo ikageuka buluu. Akauachia haraka.

Mganga aliletwa jioni. Akaweka sikio kwenye tangi, akarudi kinyumenyume.

"Mtoe huyo jini, baba, nakusihi," Sikio akanong'ona.

"Nikimtoa, anatoka na pumzi ya kaka yako. Amekabidhiwa pumzi hiyo, mwanangu. Kwa mkono wako." Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Tangu hapo Sikio analala chini ya kijiko. Anachuja dizeli kwa kitambaa, anaimimina huku injini inaunguruma, na mtu akipita akipiga soga anamwambia nyamaza, nisikilize. Utani umemwisha. Mashine inaimba kweli, kama alivyoahidi.

Asubuhi moja, tangi likiwa limejaa, injini ikakohoa. Kifua cha kaka kikakosa pumzi moja. Ikakohoa tena, ikaanza kushuka. Sikio akatega lile sikio lake maarufu, ingawa hakuhitaji. Njaa ya mafuta. Hewa kwenye mpira. Dawa yake ni moja, na hakuna fundi asiyeijua.

Akalegeza skrubu. Akabonyeza. Likatoka povu lenye harufu ya nywele zilizoungua, na injini ikapanda kidogo, na kifua cha kaka nacho kikapanda.

Safari hii aliyekohoa ni Sikio.

"Bado kidogo tu, mdogo wangu," mdomo wa kaka ukasema, kwa sauti isiyo ya kaka. "Usiniharibie sifa."

Sikio akamtazama kaka yake, akavuta pumzi aliyoipata, akaendelea kubonyeza.