Kizibo cha Nani

Asubuhi ile Nani aliwashwa kama kawaida, makaa yakashika, mvuke ukapanda, ila moshi haukutoka. Dohani ilikaa kimya, safi, na hewa juu yake ikicheza kwa joto tu.

Sasa niambie wewe, garimoshi lisilo na moshi umeliona wapi? Na makaa yenyewe yalikuwa yale ya ovyo yanayoletwa kutoka bondeni, nusu mawe nusu vumbi, ambayo siku zote yalitia giza karakana nzima na kuwafanya wake za watu waanue nguo kwa matusi.

Naushad Ansari, fundi wa boila, alisimama na glasi yake ya chai akitazama juu. Mafundisho ya chuoni yalimrudia bila kuitwa: mwanadamu kaumbwa kwa udongo, na majini wakaumbwa kwa moto usio na moshi.

"Baba, bibi leo kaacha sigara," alisema mwanawe Irshad, ambaye ndiyo kwanza alikuwa na wiki mbili tangu apewe udereva wa Nani. Alikuwa anafuta vishikio kwa kitambaa cha mafuta, amefurahi na nafsi yake.

Nani lilikuwa jina la kichwa hicho cha treni. Kwa watu wa milima ile nani ni bibi mzaa mama, na kweli kilikuwa kibibi: kifupi, kinakohoa, kimepita miaka mia, na bado kinawapandisha watalii kutoka Tindhura hadi kileleni, na wanaume wawili wamekaa mbele yake wakimwaga mchanga kwenye reli kwa mkono ili kisiteleze. Kwetu sisi jina hilo ni swali. Kila nikisimulia hadithi hii najikuta nimeuliza bila kukusudia.

Kibandani mwa dereva kukasikika ti, ti, ti. Mara tatu, chuma juu ya kioo.

Irshad alikuwa amesimama chini. Kibandani hamkuwa na mtu.

"Umesikia?" aliuliza Naushad kwa sauti ya chini.

"Chuma kinapata moto, Baba, kinatanuka. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Mlio ule karakana yote iliujua. Harkabir Rai, dereva wa kabla ya Irshad, hakuanza safari hata moja bila kugonga kioo cha maji mara tatu kwa pete yake na kuuliza, "Bibi, umeshiba?" Akiona maji yamepanda ndiyo anatia iliki mdomoni na kuachia breki. Na Harkabir alikuwa amekufa miezi sita nyuma.

Hapa lazima nikueleze kitu kimoja, usichoke. Kwenye paa la tanuri la kila kichwa cha mvuke kuna kizibo cha shaba chenye moyo wa risasi, madini laini yanayoyeyuka upesi. Maji yakikifunika, kinabaki salama. Maji yakipungua, risasi inayeyuka, mvuke unamwagikia moto na kuuzima, na watu wanashuka na roho zao. Kioo cha maji kinaweza kudanganya kikizibwa na chokaa, kizibo hakidanganyi. Ndiyo maana mafundi wa zamani walipomimina risasi ile walitaja jina la Nabii Suleiman, aliyewafungia majini ndani ya mitungi ya shaba akaipiga muhuri wa risasi. Wahindu walitaja, Wabudha walitaja, Waislamu walitaja. Boila haina dini.

Msimu uliopita wa wageni kizibo cha Nani kiliyeyuka mara nne ndani ya mwezi mmoja. Boila ilikuwa imechoka, viraka juu ya viraka, na treni ikikwama kilimani watalii wananuna na wakubwa wanapiga simu. Msimamizi wa karakana, Bwana Pradhan, akamvuta Naushad pembeni. "Nichongee cha shaba tupu, bila risasi. Msimu ukiisha unakitoa." Naushad akachonga. Hakutaja jina la nabii wala la mtu.

Siku ya tisa kioo kilidanganya. Paa la tanuri likapasuka, na maji yachemkayo yakamfuata Harkabir kibandani. Kabla wachunguzi hawajafika, Naushad alitumwa aingie tanurini, achomoe kile cha shaba na kuweka kikuukuu kilichoyeyuka. Aliingia. Ripoti ikaandika kwamba dereva alizembea, hakutazama kioo cha maji. Mjane wake Sumnima akatolewa kwenye nyumba ya reli kabla nywele alizonyoa mwanawe kwa matanga hazijaota. Sasa aliuza chai na momo za nyama zilizopikwa kwa mvuke pale Ghumti, mahali treni inaposimama kunywa maji. Kizibo cha shaba tupu Naushad alikificha nyumbani kwenye debe la mchele.

Nani akatengenezwa, akapakwa rangi ya buluu, akapewa Irshad. Na safari hii, bila kuambiwa na mtu, Naushad aliweka kizibo cha risasi, akakitajia nabii na kukisomea. Kwa mume wa mtu shaba, kwa mwanawe risasi. Ndivyo tulivyo, tusidanganyane.

Lakini risasi haikushika. Siku ile ya moto usio na moshi iliyeyuka wakati maji yamejaa tele. Ya pili yake ikayeyuka. Ya tatu ikayeyuka ikadondoka matone mekundu juu ya makaa, na ndani ya tanuri kukatoka harufu ya nywele zilizoungua, na ndani ya harufu hiyo, nyembamba na tamu, iliki.

Naushad akamwendea Mianji Kalim, mzee aliyekuwa fundi wa boila kabla hajawa mtu wa kuwasomea waliopagawa. Alikuja adhuhuri, ukungu umeingia karakanani hadi magotini. Hakusoma kitu. Alitia kichwa kwenye mlango wa tanuri lililopoa akanusa, akakaa humo muda mrefu kuliko Naushad alivyoweza kuvumilia.

"Huyu hakuja," alisema Mianji. "Huyu alikuwamo. Kila boila ina wake. Tunamfunga kwa risasi na jina, anatufanyia kazi. Kuna mtu alimfungulia. Akamla mwenzenu, sasa anagonga kwa mkono wake."

"Nimeweka risasi mpya, Mianji. Mara tatu."

"Risasi haishiki juu ya uongo. Aliyemfungulia aende kwa mwenye maiti, aseme mbele za watu, kwa mdomo wake. Akisha kusema, mimina, itashika." Mzee alijifuta masizi kwenye ndevu. "Mimi sikuulizi ni nani."

Kesho yake Naushad akapanda Ghumti. Nia ilikuwapo, namtetea kwa hilo. Akaketi kwenye benchi la Sumnima, akapewa chai, akafungua mdomo. Kichwani aliona jela, akamwona Irshad amevuliwa kofia ya udereva, akamwona mkewe akikwepwa dukani.

"Vipi, shemeji?" aliuliza Sumnima.

"Sukari imezidi kidogo."

"Nitapunguza." Alimwongezea maziwa. "Wenzako wote wananikwepa kama nina ukoma. Wewe peke yako ndiye unayekuja. Harkabir alikuwa anasema, Naushad ni ndugu yangu."

Akanywa chai yote akashuka.

Jioni Pradhan akamfuata. "Kesho kuna wageni sabini. Hiyo risasi yako ikiyeyuka tena mimi na wewe hatuna kazi. Kile kingine bado unacho?"

"Kipo."

"Basi."

Alfajiri Naushad alitumbukiza mkono kwenye debe la mchele. Kilikuwa cha moto. Siyo vuguvugu, cha moto, na punje zilizokizunguka zilikuwa zimekauka rangi ya chai. Akakifunga kwa kitambaa, akaingia tanurini kwa mgongo kama alivyoingia maisha yake yote, akakikaza kwa spana juu ya uso wake. Kilijikaza robo ya mwisho chenyewe.

Na moto ulipowashwa moshi ukatoka, mweusi, mzito, wa kawaida. Irshad akapiga filimbi. Wanawake wakaanua nguo kwa matusi. Naushad alilia kidogo nyuma ya rundo la makaa kwa jinsi alivyofarijika, kisha akaenda nyumbani kunywa chai.

Mkewe alimwekea glasi mezani. Naushad alikuwa hajaigusa. Ti, ti, ti, ilisema glasi.

Akatazama dirishani. Reli ya mlima ule inajizungusha mara nne kabla ya Ghumti, na kwenye mzunguko wa pili treni ilikuwa inatoka ukunguni, mabehewa yake madogo yamejaa kofia za sufu za watalii, wamwaga mchanga wamekaa mbele, na juu ya dohani hakukuwa na kitu.

Garimoshi lile halimshindi mtu anayejua njia za mkato, kila mtoto wa pale anajua, na Naushad alitoka na kandambili akazipoteza kwenye ngazi za kwanza, akapanda kwa miguu mitupu katikati ya majani ya chai yenye umande, akavuka reli mara moja na kuikuta ya moto chini ya nyayo ingawa treni ilikuwa haijafika, akavuka mara ya pili, na kila alikopita vioo vya madirisha ya nyumba za watu vilikuwa vinagonga, ti ti ti, nyumba baada ya nyumba, na harufu ya iliki ikipanda mlima mbele yake kama mtu anayemwonyesha njia, na kifua kikimwuma na moyoni akisema maneno yaleyale, si mwanangu, si mwanangu, mpaka alipofika Ghumti akakuta treni imesimama kwenye tangi la maji na Irshad anatoa kichwa nje kwa mshangao.

"Baba? Una nini?"

"Mwaga moto."

"Nimetazama kioo. Maji yamejaa mpaka juu."

"Fungua koki ya chini."

Irshad akafungua. Kama boila ingekuwa na maji, yangetoka kwa kishindo. Ikatoka pumzi kavu ya mvuke, hata tone hapana. Uso wa kijana ukabadilika. Akashika wenzo wa kumwaga moto akauvuta kwa mikono miwili, haukusogea. Mchochea moto akafungua mlango wa tanuri ili aukombe moto kwa koleo, akarudi nyuma. Ndani moto ulikuwa mweupe, umesimama wima bila kulamba kitu. Haukuwa na sauti. Kisha ukageuka, wote kwa pamoja, ukamtazama Naushad.

Kioo cha maji kilianza kugonga bila kupumzika.

Sumnima alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake na birika mkononi. Watalii walishika simu zao wakipiga picha.

"Shemeji," alisema Naushad. "Harkabir alitazama kioo. Siku zote alitazama. Kioo kilimdanganya, na kizibo nilichonga mimi, cha shaba tupu, mimi mwenyewe. Nikakitoa baadaye wasikione. Hakuzembea. Ni mimi. Na kile kile kimo humu sasa hivi, nimemwekea mwanangu."

Wenzo ukaachia ghafla, Irshad akaanguka chali. Moto ukamwagika relini wote kwa mara moja, na moshi ukapanda, mwingi, mchafu, ukawafunika watalii wakakohoa. Kugonga kukakoma.

Sumnima alitua birika.

"Miezi sita unakunywa chai yangu," alisema, akaichukua glasi aliyozoea kumwekea, akaivunja kwenye jiwe, akaingia ndani.

Ingekuwa hadithi nzuri ya kuwalaza watoto kama ingeishia hapo. Lakini Pradhan alipanda Ghumti kwa gari kabla ya wachunguzi, na walipofika walikuta kizibo cha risasi mahali pake, kizuri, kinang'aa. Ripoti mpya ikaandika kwamba fundi mmoja mwenye matatizo ya akili alisimamisha treni na kuwatia wageni hofu. Ripoti ya zamani haikuguswa. Kwenye karatasi Harkabir ni mzembe hadi leo.

Naushad akafukuzwa. Irshad akahamishiwa bondeni, kwenye treni za dizeli. Siku ya kuondoka alifunga mzigo wake, kisha akauliza swali moja.

"Ulipokikaza kile kizibo alfajiri ile, ulijua ni mimi ninayeendesha?"

"Nilijua."

Irshad akaitikia kwa kichwa, akabeba sanduku. Hajaandika wala kupiga simu.

Baba mtu akapanga chumba chini ya reli, mzunguko wa kwanza. Mianji Kalim alikwenda karakanani kusisitiza risasi imiminwe upya, kwa jina, wakamfukuza getini. Nani akafanyiwa viraka vingine. Akaja fundi mpya kutoka mbali, mtu mpole mwenye watoto wadogo, asiyejua majina ya manabii wala ya Harkabir, na mwezi wa tatu, msimu ulipoanza, watu wakamwona Pradhan akimvuta pembeni.

Asubuhi iliyofuata Naushad alikuwa amekaa mlangoni. Alisikia filimbi, akainua macho. Kichwa cha buluu kilipita juu yake kikipanda kuelekea ukunguni, wamwaga mchanga mbele, wageni wakipunga mikono. Dohani ilikuwa safi. Nyuma yake chumbani, glasi ikagonga mara tatu.

Magoti yake hayakuwa yale ya mwaka jana, na pale Ghumti hakuna ambaye angemwamini tena. Dereva alikuwa mwana wa mtu mwingine. Naushad alivaa viatu, safari hii vya kufunga kamba, akaanza kupanda.