Aliyetazama kwa Jina la Marehemu

Fundi saa alirudi kutoka swala ya alfajiri, akawasha runinga, akaona kwamba mkewe ametazama dakika kumi na mbili. Mkewe alikuwa na miezi saba kaburini.

Alisimama palepale, kofia mkononi. Kwenye kioo yalikuwepo majina matatu, kila moja na picha yake: Baba, Kibibi, Mama. Chini ya jina la Mama palikuwa na video moja iliyoachwa katikati, na mstari mwekundu ukionyesha mtazamaji aliishia wapi. Dakika ya kumi na mbili, sekunde arobaini. Mtu aliyeishi kwa kutengeneza saa miaka thelathini hakosei kusoma dakika.

Mtambo ule aliufunga mwenyewe. Kanda za zamani zilikuwa zimeota ukungu, na simu ya marehemu ilikuwa inazimika ovyo. Binti yake, Kibibi, aliyeolewa mji wa mbali, alimwelekeza kwa simu siku nne mfululizo: achukue kompyuta kuukuu, atie diski kubwa, ahamishie humo kila video ya mama, kisha aiunganishe na runinga. Hiyo ndiyo seva ya nyumbani, akasema, na yeye atatazama hukohuko aliko kupitia intaneti.

"Baba, hiyo si saa ya ukutani," alimtania. "Usije ukaitia mafuta."

Fundi alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Ilipofika mahali pa kuandika watakaotazama, akaandika jina lake, akaandika la binti, kisha akaandika la mke, maana tangu aoe hakuwahi kuhesabu watu wa nyumba ile akamwacha. Kibibi aliliona, akaliacha. Kanda zikatupwa. Simu nayo ikafa kabisa. Sauti ya mke ikabaki ndani ya diski ile, na si kwingine.

Asubuhi hiyo alimpigia binti kumuuliza. Kibibi akasema yeye hutumia jina lake tu. Labda baba aliikalia rimoti. Fundi akakubali, kwa kuwa kukubali kulikuwa rahisi.

Lakini kesho yake mstari ulikuwa umesogea, na keshokutwa ulikuwa umerudi nyuma. Alipochunguza aliona haumalizi video. Unarudia mahali pamoja, pale mkewe anapotoka jikoni akijifuta mikono na kusema, "Baba Kibibi, chai inapoa." Unarudi hapo, na hapo tena, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Siku ya sita, mchana, alikuwa amekaa kwenye meza yake ya kazi na saa ya mteja imefunguliwa mbele yake. Runinga ilikuwa imezimwa.

"Baba Kibibi, chai inapoa," sauti ikasema kutoka jikoni.

Alikwenda. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kikombe mezani, kikavu, na harufu ya nywele zilizoungua. Alipaswa kusoma dua na kutoka. Badala yake alivuta kiti, akakaa mbele ya kile kikombe mpaka adhana ya alasiri ikapita, na hakwenda msikitini.

Tangu hapo sauti iliita kila mchana, naye akawa anajibu, "Nakuja." Mtu ambaye hajala peke yake miezi saba asimcheke. Alijua kuna kasoro. Kila sauti ilipomaliza neno la mwisho, ulifuata mlio wa mlango, uleule uliokuwa ukilia kwenye video, ila sasa ulitoka humohumo yalimotoka maneno. Alijua, na bado alijibu.

Kisha siku moja, akiwa anatafuta viatu aende kuswali adhuhuri, sauti ikasema jambo ambalo halikuwa kwenye video yoyote, na ikalisema neno moja moja, kila neno limeokotwa mahali pake, "njoo" la bi harusi wa miaka ishirini, "ukae" la mama anayenyonyesha, "usitoke" la mgonjwa kitandani wiki ya mwisho, pumzi zikikatika, na kati ya neno na neno diski ikigonga ndani ya kompyuta, tiki, tiki, tiki, bila mpangilio ambao saa yoyote duniani ingeufuata.

Alikimbia peku hadi kwa maalimu, mzee aliyemswalia mkewe. Akaeleza yote, hata aibu ya kujibu. Maalimu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Marehemu hahitaji mlango wetu," akasema taratibu. "Ukimfungulia, anaingia mwingine. Jini hana sura wala sauti, ndugu yangu. Huazima. Futa lile jina, na ufute kila alichojifunzia."

"Zote, Maalimu? Sina sauti yake kwingine."

"Zote."

Walikwenda pamoja. Maalimu akakaa mlangoni mwa jikoni akisoma, fundi akafuta jina la Mama, kisha video moja baada ya nyingine, machozi yakimshuka hadi ndevuni. Ya mwisho mkono ukamgomea. Humo mkewe hasemi neno. Amekaa tu, anatabasamu. Anayesema ni yeye fundi, nyuma ya kamera, akimwita mtoto wao anayeanza kutembea, huku jirani akigonga mabati kwa nyundo. Akawaza, hakuna cha kujifunza kwake hapa. Akaiacha, na hakumwambia maalimu.

Nyumba ikatulia. Harufu ikaondoka. Siku kumi aliswali msikitini bila kukosa, simu akiiacha nyumbani kama desturi yake.

Siku ya kumi na moja, aliporudi kutoka swala ya alasiri, aliikuta simu inaita. Alikuwa Kibibi, na nyuma yake injini ya basi ilikuwa inanguruma.

"Baba, leo umenipigia mara tatu," akasema, akicheka na kulia pamoja. "Nimeshindwa kuvumilia. Nimeshapanda basi."

"Nilisema nini, mama?"

"Uliniita tu. 'Kibibi, njoo umwone baba.' Ulicheka kama zamani. Ila hizo nyundo, Baba, nani anaezeka hapo?"

Runinga ilikuwa inawaka. Majina yalikuwa mawili. Chini ya jina la Baba, video ile moja aliyoiacha ilikuwa na mstari mwekundu, dakika ya tatu.

Fundi akashika simu kwa mikono miwili amwambie ashuke, arudi kwa mumewe. Kabla hajafungua kinywa, kutoka jikoni sauti yake mwenyewe, ya ujana, ikasema, "Njoo."

"Nakuja, Baba," akajibu Kibibi, na simu ikakatika.