Cherehani ya Koleta Haiondoki

Pale Lusu, nyumba ya Koleta ilijulikana kwa mlio wa cherehani. Mwaka huo wa 1973 alikuwa akishona sare za shule. Cherehani yenyewe aliichukua kwa mkopo katika duka moja la Nzega, ailipie kwa miezi kumi na miwili. Tisa alishalipa. Kisha fedha za pamba zikachelewa, na mwezi wa kumi wa mkopo ukapita bila malipo.

Siku moja wakala wa duka, Justus, alifika na baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibu," alijibu Masolwa, mume wa Koleta.

"Nimefuata cherehani. Dawa ya deni ni kulipa, nanyi hamkulipa."

Koleta alitazama kazi iliyokuwa mbele yake. Sare kumi na nane hazijaisha, na riziki ndiyo hiyo inaondoka! Na Masolwa je? Maskini, mtu wa haya kupita kiasi, alikwenda kutafuta kamba ya kumfungia mgeni mzigo!

"Mpe, mke wangu. Majirani wasije wakasikia."

Lakini jirani alikwishasikia. Tekla, mwalimu wake Koleta wa kisomo cha watu wazima, aliingia uani.

"Koleta, karatasi ya mkopo iko wapi?"

Koleta aliitoa sandukuni. Siku ya kukopa, kabla hajaanza kisomo, aliitia dole gumba bila kusomewa. Tekla aliisoma yote kwa sauti.

"Sikiliza. Umelipa miezi tisa kati ya kumi na miwili. Aliyelipa sehemu kubwa namna hii, sheria inamlinda. Mwenye duka hawezi kuja kubeba tu. Aende kwanza mahakamani. Lakini ukimpa kwa hiari yako, kinga hiyo umeitupa."

"Kwa hiyo deni limekufa?"

"Thubutu! Deni utalipa. Ila kudaiwa si kunyang'anywa."

Koleta alisimama. "Bwana Justus, una amri ya mahakama?"

Justus alikuna kichwa. "Mimi nimetumwa tu, mama."

"Basi kamwambie aliyekutuma, nikiuza sare nitalipa. Cherehani haiondoki." Akamgeukia mumewe. "Baba Paskazia, weka kamba chini!"

Sare ziliisha, zikauzwa. Koleta alikwenda Nzega mwenyewe, akalipa miezi iliyobaki, akadai stakabadhi. Aliisoma mwenyewe neno kwa neno, kama alivyofundishwa kisomoni, kabla ya kutoka dukani, mwenye duka akingoja.

Na ile kamba? Masolwa aliifunga uani, kutoka nguzo hadi nguzo. Sare mpya zinaanikwa hapo.