Beji ya Gari la Mama

Kila Ijumaa baada ya shule, Tressa Yoakum alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyemsukuma kuifanya, nayo ni kuosha gari la mama yake. Alijaza ndoo maji ya uvuguvugu, akakunja mikono ya sweta, akaanza na kioo cha mbele na kumalizia na magurudumu. Lilikuwa gari dogo jekundu ambalo jua la Ohio lilikuwa limelipausha mpaka likafanana na nyanya iliyochumwa kabla haijaiva. Nyuma yake palikuwa na beji ya rangi ya fedha, herufi zilizoungana kuwa neno moja, haibridi. Maana yake lilikuwa na injini ya petroli na mota ya umeme, vikivuta pamoja kama maksai wawili wa plau.

Mama yake, Lorna, alilitumia kuzunguka mashambani kuwahudumia wazee, kuwaogesha, kuwapa dawa na kuwapeleka kliniki. Tangu alinunue kwa muuza magari yaliyotumika, petroli ya wiki moja ilimfikisha wiki mbili. Tressa alilionea fahari gari hilo, na mdomo wake haukujua kukaa na fahari kimya.

"Lori la baba yako linakunywa petroli kama lina kiu ya mwaka mzima," alimwambia Brody Stahl, mtoto wa jirani, walipokuwa wakisubiri basi la shule.

"Linywe tu," Brody akamjibu. "Baba analipia barabara kila akijaza tangi. Nyinyi mnapita bure."

Tressa alicheka, lakini neno hilo lilimkwama.

Oktoba ikafika, na siku ya kuzaliwa ya Mama, iliyoangukia Jumamosi, ikakaribia. Kwa watu wa Ohio, usajili wa gari huisha siku ya kuzaliwa ya mwenye gari. Ndugu zako wanakuletea kadi za pongezi, na jimbo linakuletea bili. Mwaka huo, wa kwanza tangu Mama anunue gari lile, bili ilikuwa na ada ya kawaida, na juu yake dola mia moja na hamsini kwa sababu gari ni la haibridi. Mama alikuwa ameweka ada ya kawaida na mia moja tu juu yake, kwa kuwa ndiyo aliyosikia watu wakiitaja. Mshahara ulikuwa haujatoka, na ungetoka Ijumaa ya wiki iliyofuata. Bila stika mpya kwenye namba ya gari, Jumatatu hangeweza kuingia barabarani, na mhudumu asiyefika kwa wagonjwa wake hupoteza zamu.

"Huu ni wizi," Tressa alisema mezani Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya siku hiyo. "Sisi tunatumia petroli kidogo, halafu ndio tunaotozwa zaidi?"

Babu yake, Virgil, alikuwa amefanya kazi ya kuziba mashimo ya barabara za wilaya mpaka akastaafu. Alichovya mkate wa mahindi kwenye supu ya maharagwe, akatafuna bila haraka. Kisha alieleza kwamba ndani ya kila galoni ya petroli mna kodi ya kutengeneza barabara, na kwamba anayenunua petroli kidogo huchangia kidogo, ndiyo maana jimbo limeweka ada ile.

"Lami hailiwi na petroli, mjukuu wangu," alisema. "Inaliwa na magurudumu. Gari lenu lina manne, sawasawa na la Stahl."

Tressa alilisukuma bakuli lake kando, akaondoka mezani.

Kesho yake kwenye basi alimweleza Brody shida yao. Brody akainama karibu na kumpa siri. Binamu yake, alidai, alikuwa na gari kama hilo, akabandua beji, na hakuna aliyemuuliza kitu.

"Watajuaje?" Brody alisema. "Wataliuliza gari jina lake?"

Jioni hiyo Tressa hakuchukua ndoo. Alichukua mashine ya kukaushia nywele na kisu cha kupakia siagi. Alipuliza hewa ya moto juu ya beji mpaka gundi ikalainika, akaingiza kisu chini yake, nayo ikaruka ikaanguka kwenye majani makavu. Aliitia mfukoni mwa koti, akasimama kuitazama kazi yake, na moyo ukamshuka.

Jua lilikuwa limepausha gari zima isipokuwa pale palipofunikwa na beji. Neno haibridi lilikuwa bado lipo, herufi kwa herufi, kwa wekundu mbichi kabisa, na sasa lilisomeka toka ng'ambo ya barabara. Alilisugua kwa sabuni, likazidi kung'aa. Mwishowe alichota tope mtaroni akalipaka nyuma ya gari kote.

Asubuhi ya Jumamosi Mama alitoka na funguo mkononi, akaliangalia gari kwa mshangao. "Hata siku yangu ya kuzaliwa hukuliosha?" Tressa akasema alikuwa amechoka. Ukawa uongo juu ya uongo. Mama alisema anakwenda kuwaomba watu wa ofisi ya usajili wapokee mia moja, iliyobaki ailete mshahara ukitoka. Tressa akafuatana naye, na walipokuwa njiani mvua ilinyesha.

Ofisini walipokelewa na Bibi Dressler, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba na sweta lililofumwa picha za maboga. Alimpongeza Mama kwa siku yake ya kuzaliwa, kisha akasema kwa upole kwamba ada hailipwi nusunusu.

"Mia na hamsini ni ya haibridi za kuchomekwa kwenye umeme wa nyumbani," alieleza. "Haibridi ya kawaida ni mia. Lako limeandikwa la kuchomekwa. Naona ndivyo muuzaji alivyolijaza."

"Basi atakuwa anajua yeye," Mama alisema kwa unyonge. Alianza kurudisha pesa kwenye pochi.

Tressa alilichungulia gari dirishani. Hakuna kipande cha gari lile ambacho hakukijua kwa kitambaa. Lilikuwa na kijimlango kimoja tu ubavuni, nacho kilikuwa cha petroli. Mahali pa kuchomeka waya hapakuwepo, mbele wala nyuma. Lakini akilisema hilo, Bibi Dressler angetoka nje kuhakikisha, na akitoka angeona. Akinyamaza, gari la Mama lingebaki limeegeshwa Jumatatu, na makosa hayo yangewatoza kila mwaka.

"Halina pa kuchomeka," alisema. "Mimi ndiye ninayeliosha. Njooni muone."

Mvua ilikuwa imekatika. Bibi Dressler alilizunguka gari, akafungua kijimlango cha petroli, akapapasa ubavu wa pili, akatikisa kichwa kukubali. Alipofika nyuma akasimama. Tope lote lilikuwa limeoshwa na mvua, na neno haibridi lilikuwa linawaka kwenye rangi iliyopauka.

"Na beji hii nani kaibandua?" aliuliza, na sauti ilikuwa imebadilika. "Watu huzibandua wakikwepa ada, Bibi Yoakum."

Mama aliipapasa alama ile kwa kidole. Hakuelewa chochote, na Bibi Dressler aliyekuwa akimtazama alidhani anatafuta uongo. Tressa aliona aibu iliyokuwa yake ikipanda kwenye uso wa mama yake, na hilo hakuliweza. Aliingiza mkono mfukoni akaitoa beji.

"Ni mimi," alisema. "Mama hajui kitu. Nilitaka tusilipe." Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Bibi Dressler aliipokea beji, akaigeuza, akaona gundi imekwanguliwa kwa kisu. "Mwanangu," alisema, "kompyuta yangu haisomi beji. Inasoma namba ya chesisi. Ungelipaka gari hili rangi ya kijani lingebaki kuwa haibridi."

Walirudi ndani. Alipiga simu makao makuu, akasoma namba ya chesisi tarakimu baada ya tarakimu, akasubiri, akaandika. Alipokata simu alikuwa anatabasamu. Gari lilikuwa haibridi ya kawaida tangu lilipotoka kiwandani, na kosa lilikuwa limerekebishwa. Ada ya haibridi ilikuwa dola mia moja.

Mama alilipa papo hapo, akarudishiwa beji na kupewa stika mpya. Stika alimpa Tressa aibandike mwenyewe. Tressa alikausha namba ya gari kwa mkono wa sweta, akaibandika, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka kingo zote zikashika. Walipopita mbele ya nyumba ya akina Stahl, Mama alipiga honi mara tatu bila sababu yoyote isipokuwa furaha.

Nyumbani Babu alikuwa ameandaa pai ya tufaha, na aliposikia kisa chote alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alimwambia Tressa kwamba mwezi mzima ataosha na gari la Babu pia, kisha akamvuta karibu.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yako haikumaliza hata siku moja, mvua imeikata njiani. Leo uliposema kweli iliyotufaa, ulijua itakuumbua, ukaisema. Hiyo ndiyo zawadi yangu ya mwaka huu. Na ile mia ni haki ya barabara, nami nimeilipa kwa moyo mweupe."

Babu alileta gundi ili arudishe beji. Mama akaikataa. "Liache hivyo hivyo," alisema. "Linasomeka vizuri zaidi."

Jumatatu asubuhi Brody alimkuta Tressa kwenye kituo cha basi. "Vipi, walikuuliza?" alinong'ona.

"Hawakuniuliza. Niliwaambia."

Gari jekundu likatoka uani na kuwapita kimyakimya kuelekea kwa wazee wa Mama, stika mpya iking'aa kwenye namba yake.

"Na barabara," Tressa akamwambia, "tumeilipia."