Mkono wa Kushoto wa Takehiro

"Mwambieni tumejaa," Takehiro alisema, bila hata kugeuka kumtazama mgeni aliyesimama mlangoni akichuruzika maji.

Hatukuwa tumejaa. Nyumba yangu hapa Shari hulaza waendesha pikipiki kila kiangazi, wanaume na wanawake wanaokizunguka kisiwa hiki cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kwa wiki mbili, tatu, wakilala kwenye mikeka na kutundika soksi zao kila mahali. Siku hiyo haikuwa na mgeni hata mmoja. Wiki nzima nilikuwa nimewakatalia wote, kwa heshima ya huyo huyo bwana na wazazi wake waliokuja kuniposa.

"Nyumba bado ni yetu hadi mwisho wa Agosti," shangazi yangu Fumie alimjibu. "Ingia, mgeni. Viatu viache hapo. Umetembea kwa miguu kwenye mvua hii?"

"Nimepewa lifti na gari la viazi, mama. Mnyororo wa pikipiki umekatika, nimeiacha kwa fundi kule Kiyosato. Naitwa Yonekura. Natoka Shikoku, kule kusini."

"Shikoku! Kaa hapa karibu na jiko, nikuletee supu."

Takehiro alinitazama kama vile mimi ndiye niliyeileta mvua.

"Kotoe, leo? Mbele ya Mama?"

"Atakunywa supu tu," nilimwambia. "Hatakula zawadi."

Zawadi zilikuwa chumba cha pili, zimepangwa juu ya meza nyeupe: ngisi mkavu, mwani mkavu, feni mbili, nyuzi za katani nyeupe kama mvi, kila kitu kimefungwa kwa kamba za dhahabu. Tulikuwa tunasubiri chakula kiishe, kisha Mzee Morikazu, baba yake Takehiro, azisogeze mbele yangu, na mimi niiname na kusema kwamba nazipokea kwa furaha, leo na daima. Shangazi alikuwa amenifundisha maneno hayo tangu Jumatatu. Nikishayasema, nimechumbiwa. Mwisho wa Agosti nafunga nyumba aliyoniachia mama yangu, nahamia Sapporo kwenye ghorofa ya kumi na moja, kwa sababu Takehiro, ambaye kazi yake ni kuuza ghorofa, ameamua kwamba nyumba hii inanuka buti.

Kweli inanuka buti. Hata mimi nilikubali. Niliandika tangazo la kufunga kwa mkono wangu mwenyewe nikalibandika mlangoni, kwa kuwa nilimpenda, na mtu akipenda hushindwa kusikia harufu nyingine mbaya zaidi.

"Endelea, mwanangu," alisema Mama Setsuko, mama mkwe mtarajiwa. "Ulikuwa unatuambia habari za Soya."

Takehiro akajiweka sawa. Alikuwa amevaa koti lake la ngozi la safari ndani ya nyumba, mezani, mbele ya samaki wa kuchoma. Safari yenyewe ilikuwa ya siku sita, ya kuuaga ujana kabla ya posa, peke yake, juu ya pikipiki yake kubwa ya bluu.

"Jumatano mchana nikafika Rasi ya Soya. Upepo wa kule, Mama, si wa kuchezea. Barabara imenyooka, bahari kushoto, hakuna mtu. Ukiwa peke yako namna ile, unajijua wewe ni nani."

"Na wewe ni nani?" Shangazi aliuliza, akimwekea mgeni bakuli.

Takehiro akacheka kwa pua. Hakupenda maswali ya shangazi.

Habari za Soya hata mimi nilikuwa nazo. Ujumbe wake ulikuwa bado umo kwenye simu yangu, nilikuwa nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri: "Niko Soya, mpenzi. Peke yangu na upepo. Nikitoka hapa mimi ni wako tu." Chini yake picha ya mnara wa rasi, bila mtu.

Bwana Yonekura alikunywa supu yake taratibu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mikono ya kazi, uso umeungua kila mahali isipokuwa pale miwani inapokaa. Aliposhiba akatazama nje, chini ya paa, ambako pikipiki ya bluu ilikuwa imeegeshwa.

"Hiyo yenye picha ya dubu kwenye tangi, ni ya nani?"

"Yangu," alisema Takehiro.

"Basi tumeshaonana. Jumatano, saa sita mchana, Mlima Mikuni. Nilikupungia."

Kutoka Soya hadi Mikuni ni safari ya nusu siku hata kwa mwenye haraka. Nilikuwa nimeshika sahani ya figili. Niliendelea kuishika.

"Umenifananisha," Takehiro alisema, akimimina chai. "Jumatano nilikuwa Soya."

"Yaelekea." Bwana Yonekura aliinamisha kichwa. "Samahani sana. Macho yangu ni ya zamani, na siku ile nilikuwa na njaa."

Mambo yangeishia hapo, na ninataka mlielewe hili vizuri. Mgeni alikuwa ameomba radhi, mimi nilikuwa nimeshaanza kujiambia kwamba dubu wa kubandika wanauzwa kila kituo cha mapumziko, na Takehiro alihitaji kufanya jambo moja tu duniani, nalo ni kunyamaza. Angenyamaza, leo ningekuwa mchumba wake.

Lakini baba yake naye alikuwa mwendesha pikipiki enzi zake, na jambo moja lilimkera.

"Huyo wa Mikuni," aliuliza Mzee Morikazu, "yeyote awaye. Ulimpungia, hakurudisha?"

"Hakurudisha, mzee. Si alipopanda wala aliposhuka. Nilisimama kula mkate pale juu, kwa hiyo tulipishana mara mbili."

"Hokkaido hii?"

"Hokkaido hii."

"Aibu." Mzee aliweka vijiti chini. "Sisi tulikuwa tukipungiana hadi mkono unauma. Mtu yuko mbali na kwao, mvua inampiga, hujui hata jina lake, unamwinulia mkono. Ni hilo tu, basi. Asiyerudisha salamu barabarani mimi nisingempa hata mbwa wangu anishikie."

"Huyo atakuwa wa mjini," alisema Shangazi. "Mtu wa ghorofani. Anadhani salamu inakatwa kodi."

"Au hana malezi," alisema mzee.

"Hana," Mama Setsuko akaunga mkono, maskini, huku akimwongezea mwanawe samaki. "Watu wengine hawakufundwa na mama zao."

Nilikuwa namtazama Takehiro. Mwanaume huyu anaweza kuvumilia njaa, baridi na uongo wake mwenyewe, ila dharau haivumilii kama haitoki kwake. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Baba, nyakati zimebadilika," alisema. "Mtu yuko juu ya kipikipiki cha kupelekea magazeti, amefunga kreti ya bia ya njano nyuma kama muuza duka, anatambaa mlimani na kutuziba sote, halafu anapunga mkono kana kwamba tuko daraja moja. Nimpungie? Kesho nitapungia na matrekta."

Mvua ilisikika juu ya bati la banda.

Bwana Yonekura alikuwa anatazama ndani ya bakuli lake tupu. Nadhani alielewa kabla yangu, na nadhani alijuta kupewa ile lifti.

"Bwana Yonekura," nilisema. "Pikipiki yako ina ukubwa gani?"

"Ndogo tu, dada. Cc mia na kumi."

"Iko wapi sasa hivi?"

"Kiyosato. Kwa fundi."

"Nyuma umefunga nini?"

Akakuna shavu. "Kreti."

"Ya nini?"

"Ya bia." Akasita. "Ya njano."

Nikaweka sahani ya figili mezani.

"Takehiro," nilisema, "umeiona wapi?"

"Nini?"

"Kreti. Huyu bwana ameingia hapa kwa miguu yake. Hajasema ni ndogo, hajasema ina kreti, hajasema rangi. Umeiona wapi?"

"Waendeshaji wa namna hiyo wote wako hivyo, Kotoe. Ni kitu cha kawaida."

"Na wote walitambaa mlimani na kukuziba?"

"Unanihoji? Mbele ya wazazi wangu unanihoji?"

"Sasa nakuuliza wewe, Bwana Yonekura," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya adabu kabisa, ile ninayowapokelea wageni. "Salamu hupigwa kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ndio wa kuongeza mafuta. Yeye wa kwake wa kushoto ulikuwa wapi?"

"Dada, mimi ni mpita njia."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Alimtazama shangazi, akamtazama mzee, hakupata wa kumwokoa.

"Ulikuwa na kazi," alisema.

"Kazi gani?"

"Ulikuwa umeshika goti."

"Goti lake?"

"La aliyekaa nyuma, dada. Mwanamke. Helmeti nyeupe."

Niliumia, na sitawadanganya kwamba niliumia kistaarabu. Niliona aibu kifuani, aibu ya mtu aliyejiandalia karamu mwenyewe. Kwa miaka minne nilimwomba huyu mtu anipakie, hata mara moja, hata hadi bandari ya Utoro tu tukale samaki tukitazama bahari. Na kila mara alinijibu kwa upole, kama anavyomweleza mteja: pikipiki ya safari ni ya mtu mmoja, Kotoe, ukipakia unaharibu mizani. Nilimwamini. Niliwahi hata kuwaeleza wageni wangu hekima hiyo, na wao, waungwana wale, wakaitikia kwa vichwa na kwenda kulala.

"Ni mtu wa kazini tu," alisema Takehiro. "Rina. Alikuwa na matatizo yake, nikampeleka kwenye chemchemi za maji ya moto za Sounkyo akapumzishe akili. Hakuna kitu."

"Na picha ya Soya?"

"Ya mwaka jana. Sikutaka uwe na wasiwasi."

"Ulinihurumia."

"Ndiyo. Nilikuhurumia."

Shangazi alicheka. Hakujizuia hata kidogo, alicheka hadi akashika ukingo wa jiko.

"Basi, basi," alisema Mama Setsuko, akinyanyuka na kunyoosha kimono chake. "Tusiharibu siku kwa ajili ya goti. Mwanaume kabla ya ndoa hutembea kidogo, akishaoa hutulia. Hata baba yake alikuwa hivyo hivyo."

"Mimi usinitie humo," alisema Mzee Morikazu.

"Nyamaza wewe. Binti, una miaka thelathini na mitatu. Twende chumbani, useme neno lako, tumalize. Mengine mtayazungumza Sapporo."

Tukaenda. Labda mtashangaa, lakini mimi ndiye niliyetangulia. Nilipiga magoti mbele ya meza nyeupe, wao wakapiga magoti upande wao, Takehiro na koti lake la ngozi likilia kama mlango mbovu. Aliniangalia kwa utulivu. Alikuwa ameshajisamehe, na alidhani na mimi nimemaliza.

Mzee hakuzisogeza zawadi. Alikaa mikono juu ya mapaja, kichwa chini. Basi Mama Setsuko akazisogeza mwenyewe.

"Sema, binti. Tunasubiri."

Niliweka viganja kwenye mkeka nikainama, chini kabisa, kama nilivyofundishwa.

"Zawadi hizi ni nzuri mno," nilisema. "Zimechaguliwa kwa moyo, na mwani huu ni wa daraja la kwanza, naujua. Sizipokei. Leo na daima."

Nilisikia shangazi akivuta pumzi nyuma ya mlango. Aliyesema ni mzee, na hakusema na mimi. Aligeuka kuelekea chumba cha kulia, alikokaa Bwana Yonekura na bakuli lake, akainama.

"Bwana," alisema, "kwa ile salamu ya Mikuni. Mwanangu hakujibu. Naomba radhi kwa niaba yake."

"Hapana, mzee, hapana," Bwana Yonekura alisema, naye akainama, tena na tena, na kwa muda watu wazima wawili waliinamiana huku Takehiro akiwatazama kana kwamba wamepungukiwa akili.

"Mmemaliza maigizo?" alisema. Alisimama. "Kotoe, fikiri. Nakutoa kwenye buti na soksi za watu, nakupa maisha, na wewe unanikataa kwa maneno ya mtu wa kreti?"

"Maneno ya kreti ni yako, Takehiro. Yeye hata hakutaka kusema."

"Nani mwingine atakuja kukuoa huku?"

"Sijui. Pengine hakuna."

"Na hujali?"

"Najali sana."

Alivaa glavu zake moja moja, polepole, akinipa nafasi ya kulia. Sikulia mbele yake. Mama yake alikuwa anazirudisha zawadi kwenye boksi, ngisi juu ya feni, ovyo ovyo, akinung'unika kuhusu wanawake wa kaskazini.

Mlangoni Takehiro aligeuka.

"Utajuta."

"Nitajuta," nilimwambia. "Nilikupenda miaka minne, Takehiro, kujuta ni lazima. Nitalia hata mwezi mzima. Lakini nitalilia hapa, kwangu."

Akatoka. Nilisubiri hadi sauti ya pikipiki ilipopotea na gari la wazazi nalo likaondoka. Kisha nikaketi kwenye ngazi ya viatu, nikalia kama mtoto, na Bwana Yonekura akaenda jikoni kumsaidia shangazi kuosha vyombo.